Sebule ndogo, milango mingi: namna ya kupanga vitu ili nyumba ipitike

Nyumba nyingi za Tunduma, Vwawa, Mlowo na vijiji vya Mbozi, Momba na Ileje zimejengwa kwa ramani inayofanana: sebule katikati, vyumba vya kulala pembeni, mlango wa mbele na mlango wa uani. Sebule hiyo ndiyo ukumbi wa wageni, chumba cha kulia, njia ya kwenda jikoni, mahali pa watoto kusomea, na usiku ni maegesho ya pikipiki. Baada ya mavuno inakuwa na ghala la mahindi pia.

Kwa hiyo sebule ikikushinda kuipanga, usidhani huna mpangilio. Chumba kimoja kimepewa kazi tano. Katika makala haya tunaeleza namna ya kugawa kazi hizo, bila kubomoa ukuta na ikiwezekana bila kununua kitu.

Pima kabla ya kulipa

Hasara kubwa huanzia kwa seremala. Mtu anaagiza seti ya makochi ya watu saba, inafika na gari, halafu kochi halipiti mlangoni, au linapita na kuziba mlango wa chumba cha watoto. Pesa ya mahindi au kahawa imekwenda, na fundi harudishi.

Kama huna futi ya fundi, tumia karatasi ya A4. Upande wake mrefu ni karibu sentimita 30, upande mfupi ni sentimita 21. Weka alama ya kila sentimita 30 kwenye kamba, na hiyo ndiyo futi yako.

Pima vitu vinne: urefu wa kila ukuta, upana wa kila mlango, upande ambao mlango unafungukia, na mahali dirisha linapoanza na kuishia. Kisha chukua daftari la hesabu lenye viboksi, kila kiboksi kiwe sentimita 20. Ukuta wa mita 3 utakuwa viboksi 15. Kata vipande vya karatasi kwa kipimo hichohicho: kochi la watu watatu lenye urefu wa mita 2 na kina cha sentimita 90 ni viboksi 10 kwa vinne na nusu. Visogeze kwenye mchoro mpaka vikae vizuri. Kusogeza karatasi hakuumizi mgongo.

Mfano: futi 12 kwa 10

Tuchukue sebule ya kawaida ya futi 12 kwa futi 10, yaani kama mita 3.6 kwa mita 3. Ukuta wa mbele ndio mrefu. Mlango wa mbele uko mwisho wa kushoto wa ukuta huo, na dirisha liko kulia kwake. Mlango wa uani unatazamana na mlango wa mbele. Vyumba viwili vya kulala viko kulia na kushoto, na milango yake iko karibu na ukuta wa nyuma.

Kwanza chora njia, kabla ya viti. Kutoka mlango wa mbele hadi wa uani acha sentimita 90. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni apite bila kugeuka ubavu. Kwenda kwenye milango ya vyumba, acha sentimita 80 kando ya ukuta wa nyuma.

Sehemu inayobaki ni kona ya kulia mbele, mita 2.7 kwa mita 2.2. Hapo ndipo pa kukaa. Kochi la watu watatu lenye urefu wa mita 2 linaegemea ukuta wa kulia. Kwa kuwa lina kina cha sentimita 90, chini ya dirisha inabaki mita 1.8, na kochi la watu wawili lenye urefu wa mita 1.5 linakaa vizuri. Makochi yanafanya pembe, watu watano wanaonana uso kwa uso, na hakuna anayesogeza miguu kila mtoto anapokwenda jikoni.

Sasa jaribu seti ya watu saba: kochi la watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja yenye sentimita 90 kila moja. Jumla ni mita 5.3 za ukuta. Kona yetu ina mita 4 tu za kuegemeza makochi. Kwa sebule hii seti ya saba ni kubwa mno. Agiza ya watu watano na uongeze stuli nne zinazoingia chini ya meza. Wageni wakija zinatoka, wakiondoka zinarudi.

Meza ya kati iwe nyembamba, sentimita 50 kwa 90 hivi, ikae sentimita 40 kutoka kwenye kochi. Hapo mkono unafikia kikombe na magoti yanapita.

Runinga na dirisha

Runinga ikitazamana na dirisha, mchana utaona mwanga wa nje kwenye kioo badala ya picha. Ikiwa mbele ya dirisha, mwanga utakuumiza macho. Iweke kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha. Katika mfano wetu ni ukuta wa kushoto, kati ya mlango wa mbele unapoishia kufunguka na mlango wa chumba. Itundike ukutani ili isile njia. Kutoka hapo hadi kwenye kochi ni zaidi ya mita 2, umbali unaotosha kwa runinga ya inchi 32.

Nyaya zipite kando ya ukuta, zisikatize njia. Betri ya sola yenye maji ya tindikali isikae chini ya kochi wala karibu na moto, kwa sababu ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kuwaka. Iwe mahali penye upepo na mbali na watoto.

Baridi ya Tunduma, joto la bonde la Rukwa

Mkoa wetu una hali mbili. Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi ni kali. Kamsamba na maeneo mengine ya Momba yaliyo bondeni upande wa Ziwa Rukwa yana joto. Wa bondeni asizibe dirisha kwa kabati, na kama ana madirisha pande mbili aache upepo upite kati yake. Wa milimani asogeze viti mbali na mstari kati ya milango miwili, maana ndiko upepo wa baridi unakopita.

Miezi hiyo ya baridi jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Dirisha la kaskazini ndilo litakalokupa jua, hivyo pazia lifunguliwe mchana na kiti cha bibi au babu kiwekwe hapo.

Hapa tuseme wazi. Wengi huingiza jiko la mkaa sebuleni na kufunga milango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala anaweza asiamke. Hakuna mpangilio wa samani unaoweza kufanya jiko hilo kuwa salama ndani ya chumba kilichofungwa. Ota moto nje au jikoni penye hewa, kisha ingia na blanketi. Dalili zikianza, tokeni nje wote mara moja na mwende kituo cha afya.

Magunia na pikipiki

Kama ghala hakuna, magunia yapewe ukuta mmoja, yasitawanywe. Yaweke juu ya mbao ili yasiguse sakafu, yaache nafasi kutoka ukutani, na yasizibe mlango wowote. Ukitandika godoro jembamba na kitenge juu ya safu moja ya magunia, umepata kiti cha muda.

Jambo moja halina mjadala: vidonge vya kufukizia nafaka visitumike katika nyumba wanamolala watu. Hewa yake huua wadudu, na huua watu pia. Mwenye mahindi sebuleni ayakaushe vizuri na kutumia mifuko isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa.

Pikipiki ikiingia usiku, ikae kwenye njia kati ya milango endapo tu mlango mmoja wa kutokea unabaki wazi. Ipoe kwanza nje. Mshumaa, kibatari na jiko visiwe karibu, maana petroli hutoa mvuke unaoshika moto.

Tumia baraza

Watu wa pwani, kama Zanzibar na Lamu, wana desturi ya zamani ya baraza: benchi la kujengea mbele ya nyumba. Mgeni wa mazungumzo mafupi huishia hapo, na ndani wanaendelea na shughuli zao. Ukijenga benchi la tofali chini ya upenu, sehemu ya wageni wa sebuleni itahamia nje, hasa siku za msiba au kikao cha ukoo.

Kwa ufupi

1. Pima kuta na milango kabla ya kumpa seremala malipo ya awali.
2. Chora njia kwanza: sentimita 90 mlango hadi mlango.
3. Panga makochi kwa pembe kwenye kona isiyo na mlango.
4. Runinga iwe ubavuni mwa dirisha.
5. Jiko la mkaa na vidonge vya kufukizia visiingie ndani wanamolala watu.

Ukimaliza kupanga, zima taa usiku na utembee kutoka chumbani hadi mlango wa nje. Ukigonga kitu, kisogeze. Siku ya moto au ya mgonjwa, hiyo ndiyo njia mtakayoitumia.