Maktaba ya Umma katika Bukoba na Muleba: Historia ya Huduma na ya Wabia Waliotoweka

Mwanafunzi wa sekondari anayeishi mjini Bukoba anaweza kwenda kwa miguu hadi maktaba ya mkoa, akapata meza na kusoma. Mwenzake wa Muleba, kilomita zipatazo 70 kusini kwa barabara, hana wepesi huo. Na yule wa visiwa vya Bumbire au Goziba, ambavyo navyo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba, huanza safari majini kabla hajaifikia barabara yenyewe. Tofauti hii huelezwa kwa kawaida kwa sababu mbili: serikali haina fedha, na wananchi hawana utamaduni wa kusoma. Sababu ya kwanza ina ukweli, lakini haielezi kwa nini fedha chache zilizokuwapo zilikwenda mahali fulani na si pengine. Sababu ya pili, kwa upande wa Buhaya, haina mashiko. Makala haya yanajenga hoja kwamba mgawanyo wa huduma za maktaba kati ya Bukoba na Muleba ulitokana kwa kiasi kikubwa na jambo lililo nje ya maktaba. Katika miaka ya 1970, taasisi mbili za wenyeji ambazo zingeweza kuwa wabia wa maktaba ya umma, yaani halmashauri ya wilaya na chama kikuu cha ushirika, zilifutwa. Na Muleba ikazaliwa kama wilaya katika kipindi hichohicho.

Wasomaji kabla ya maktaba

Wamisionari wa Shirika la White Fathers walifungua kituo Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, mwaka 1892. Waluteri wa Betheli kutoka Ujerumani walifika mwaka 1910 na kuwakuta Wahaya ambao tayari walikwisha kujifunza kusoma kupitia Uganda. Jambo hili la pili halipewi uzito linaostahili. Kusoma hakukuletwa Buhaya kama shehena iliyofungashwa Ulaya tu. Kulivuka mpaka pia pamoja na wasafiri na wafanyabiashara, na kwa watu wa kizazi kile kujifunza kusoma na kuingia dini vilikuwa karibu jambo moja. Waislamu nao walikuwa na vyuo vyao vya Kurani.

Rubya, iliyo ndani ya Muleba ya leo, ilikuwa na seminari tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mmoja wa waliosoma pale, Laurean Rugambwa, aliteuliwa mwaka 1960 kuwa kardinali, wa kwanza Mwafrika katika zama hizi. Kashozi palikuwa na mtambo wa uchapaji, Rumuli Press, ambao mwaka 1949 ulichapa kitabu cha Kihaya cha Francis Lwamgira kuhusu historia ya Kiziba na watawala wake. Mwaka 1924 kiliundwa chama cha Bukoba Bahaya Union, kilichowakutanisha Wakristo na Waislamu, miongoni mwao Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki, na maendeleo ya elimu yalikuwa moja ya shabaha zake. Watu wa aina hii hawakuhitaji kushawishiwa kwamba kitabu ni kitu cha thamani.

Walichokosa ni mlango ulio wazi. Vitabu vilikuwa vya seminari, vya shule, vya parokia au vya mtu binafsi. Aliyemaliza shule na kurudi kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa aliacha vitabu nyuma yake, kwa sababu haki ya kuvigusa ilikuwa imefungamana na nafasi yake ya uanafunzi au ya uumini. Maktaba ya umma, kwa maana kamili ya neno, ni ile ambayo mtu huitumia bila kuwa mfuasi wa mwenye nyumba. Maktaba ya namna hiyo ilichelewa sana.

Sanduku la vitabu na mpango wa kitaifa

Hatua ya kwanza ilitoka Nairobi. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, halikuchapa vitabu tu, bali liliendesha pia huduma ya masanduku ya vitabu na ya kuazimisha kwa posta. Utaratibu wa sanduku ulikuwa mwepesi: vitabu vilipelekwa kwa mlezi wa mahali, vikakaa kwa muda, kisha vikabadilishwa na vingine. Wepesi huo ndio uliokuwa pia udhaifu wake. Kwa Bukoba, mzigo kutoka pwani ulisafiri kwa reli hadi ziwani, kisha ukavuka ziwa kwa meli. Na sanduku lililofika salama lilitegemea bidii ya mtu mmoja ambaye alikuwa na kazi nyingine. Msomaji naye hakuchagua. Alisoma kilichokuwamo.

Mwaka 1960 mkutubi S. W. Hockey alitoa taarifa kuhusu maendeleo ya huduma za maktaba katika Afrika Mashariki, akapendekeza kila nchi iwe na bodi moja ya kitaifa. Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Bukoba ilikuwa miongoni mwa makao makuu ya mikoa yaliyopata tawi. Huduma zake zilifuata mfano wa matawi mengine: kuazimisha vitabu kwa wanachama, chumba cha kusomea, magazeti, na sehemu ya watoto.

Kwa hoja ya makala haya, jambo la kuangaliwa katika mpango huo ni mgawanyo wa mzigo. Ununuzi wa vitabu, uainishaji wake na mafunzo ya wakutubi vilikuwa kazi ya Dar es Salaam, lakini serikali za mitaa zilitarajiwa kuchangia gharama za majengo na uendeshaji wa matawi. Mpango ulikuwa na miguu miwili. Katika Ziwa Magharibi, kama mkoa ulivyoitwa wakati ule, mguu wa pili ulikuwa na nguvu kuliko mahali pengi nchini, kwa sababu ya kahawa. Bukoba Native Co-operative Union, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1950, kiliwahi kutoa fedha za elimu kutokana na mauzo ya wanachama wake. Haikuwa ndoto kufikiri kwamba halmashauri na ushirika, wakishirikiana na Bodi, wangeweza kufungua vyumba vya kusomea Kamachumu, Nshamba au Muleba.

Miaka ambayo wabia walifutwa

Mwaka 1972 serikali ilianzisha mfumo uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Jina lilielekeza upande mmoja na utekelezaji ukaenda upande mwingine: halmashauri za wilaya zilivunjwa, baadaye na zile za miji, na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Mwaka 1975 sheria ya maktaba ya 1963 ilibadilishwa na sheria mpya iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Sheria hii ya pili mara nyingi husomwa kama hatua ya kuimarisha maktaba, na kwa upande wa mamlaka ya Bodi ni kweli. Hata hivyo, ilipotungwa, wabia wa mitaa hawakuwapo tena. Maktaba za mikoa zikawa ofisi za taasisi ya kitaifa zilizo mikoani. Mwaka uliofuata, Mei 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa.

Muleba ilimegwa kutoka Wilaya ya Bukoba katikati ya miaka hiyohiyo ya 1970. Maana yake ni kwamba wilaya hii, yenye sehemu kubwa ya iliyokuwa Ihangiro, ilipata mkuu wa wilaya na ofisi kabla ya kupata halmashauri. Haikuwa na baraza ambalo diwani angeweza kusimama na kuomba fungu la maktaba. Haikuwa na ushirika wake wa kuuombea. Haikuwa pia makao makuu ya mkoa, na kwa hiyo haikustahili tawi kwa kigezo kilichokuwa kikitumiwa. Mji wa Bukoba uliguswa na mabadiliko hayo pia, lakini ulikuwa tayari umekwisha kupata nafasi yake katika ramani ya Bodi kama makao makuu. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Zile za wilaya zilisubiri sheria za mwaka 1982 na utekelezaji wake mwaka 1984. Hata katika kurudi, basi, mji ulitangulia.

Inafaa kuongeza kwamba mwaka huohuo wa 1978 haukuwa wa kufikiria maktaba. Majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya Mto Kagera mwezi Oktoba, ndege zake zikaushambulia mji wa Bukoba kwa mabomu, na wakazi wengi wakakimbia. Mkoa ulibadilishwa jina na kuitwa Kagera baada ya vita hivyo, na ugumu wa uchumi uliofuata uliibana kila bajeti ya huduma za jamii.

Kisomo na vitabu vya vijijini

Kulikuwa na njia nyingine ambayo ingeweza kuifikisha huduma ya kusoma Muleba, nayo ni elimu ya watu wazima. Mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO kuanzia 1968 hadi 1972, makao yake yakiwa Mwanza. Baadaye likaanzishwa huko gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, na maktaba za vijiji zikafunguliwa ili aliyehitimu kisomo asisahau alichojifunza. Kwa takwimu za kitaifa mafanikio yalikuwa makubwa: watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, waliokadiriwa kuwa asilimia 67 mwaka 1967, walipungua hadi asilimia 27 mwaka 1977.

Maktaba za vijiji, hata hivyo, zilikuwa chini ya wizara ya elimu na si chini ya Bodi. Mtunzaji wake kwa kawaida alikuwa mwalimu au mwanakijiji aliyefanya kazi hiyo pembeni mwa nyingine, na rafu yake ilijazwa mara moja kisha ikangoja. Ni sanduku la 1948 lililorudi likiwa na Kiswahili na siasa mpya, na lilikabiliwa na tatizo lilelile: kulikuwa na vitabu bila mkutubi, ilhali mjini kulikuwa na mkutubi asiyekuwa na gari la kumfikisha kijijini. Lugha nayo ilileta ugumu usiotajwa sana. Wazee waliojifunza kusoma kwa Kihaya kanisani hawakupata katika rafu hizo kitu cha lugha waliyoimudu vizuri, na simulizi zao za ukoo na utawala zikabaki nje ya maktaba ya umma, zikahifadhiwa katika nyumba za parokia na katika masanduku ya watu binafsi.

Kiti kama huduma

Tafiti kuhusu maktaba za umma nchini zimeonyesha mara kwa mara kwamba watumiaji wengi ni wanafunzi, na kwamba wengi wao huja na madaftari na vitabu vyao wenyewe. Matokeo haya huandikwa kwa sauti ya masikitiko, kana kwamba maktaba imeshindwa kazi yake. Kwa historia iliyoelezwa hapa, masikitiko hayo hayana msingi. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata kwa wingi, na ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa kuanzia mwaka 2016, wanafunzi waliongezeka tena. Nyumbani mtoto wa shule ya kata hukuta wadogo zake, kazi za shambani na giza. Umeme wenyewe, ambao Kagera kwa miaka mingi imeupata kutoka Uganda, haukuwa jambo la kutegemewa kila jioni. Kiti, meza, dirisha kubwa na ukimya ni huduma kamili, na mwanafunzi anayevifuata ameielewa maktaba vizuri kuliko ripoti inayomlaumu. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililoharibu vibaya majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, lilionyesha jinsi nafasi ya kusomea inavyoweza kupotea kwa alasiri moja.

Lililo la kweli katika masikitiko hayo ni kwamba mtu mzima amepungua. Mkulima wa kahawa, mvuvi na mama wa nyumbani, ambao mipango ya miaka ya 1960 na 1970 iliwataja kwanza, ndio wasioonekana katika chumba cha kusomea. Ada ya uanachama, hata ikiwa ndogo, inapunguza idadi yao, lakini umbali unapunguza zaidi. Mfanyakazi wa mjini hupita mlangoni mwa maktaba akielekea sokoni. Mkulima wa Rubya analazimika kulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa kitabu ambacho atatakiwa kukirudisha baada ya wiki chache.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 540,310 katika Wilaya ya Muleba na 128,796 katika Manispaa ya Bukoba. Kigezo cha makao makuu ya mkoa kiliwahudumia walio wachache kwanza, na kiliendelea kutumika baada ya sababu iliyokizaa kuondoka: tangu 1984 Muleba ina halmashauri, ina madiwani, na ushirika wa kahawa ulikwisha kurudishwa. Sheria ya 1975 haikuizuia halmashauri kujenga chumba cha kusomea na kukiomba kwa Bodi kipewe vitabu na mkutubi. Kilichofutwa mwaka 1972 kilirudi kama taasisi, ila wajibu wake wa kuchangia maktaba haukurudi pamoja nayo, na haukuandikwa upya mahali popote ambapo diwani wa Nshamba au wa Goziba angeweza kuusoma na kuudai.