Siku Baba Alipogeuka Dada

Ndugu msomaji, kabla hujaanza kuandika shairi lako la kwanza, au hadithi fupi unayotaka ituletee sifa sote, nakuomba uniazime dakika chache nikusimulie habari za herufi. Sisemi herufi za kwenye daftari. Nasema zile za risasi, za kushikika mkononi, zenye uzito, ambazo ukiziangusha sakafuni zinalia na mwenye duka anageuka kukutazama kwa jicho baya.

Nilizifahamu Mbeya mwaka 1996, nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mjomba wangu alikuwa na steshenari ndogo karibu na Soko Matola. Mbele aliuza daftari, kalamu, bahasha na karatasi za wavuti. Nyuma, ukivuka pazia la khanga kuukuu, kulikuwa na mtambo wa kuchapa wa kukanyaga kwa mguu, kama cherehani iliyokua ikapitiliza, pamoja na makabati mawili ya droo zilizojaa herufi. Kazi hiyo alijifunza ujanani kwenye mtambo wa misheni kule upande wa Songea. Mama alinipeleka kwake akasema, "Kaka, huyu anapenda vitabu, mpe kazi asije akaharibika mitaani." Mjomba akacheka. "Anapenda vitabu? Haya. Na aone vinavyozaliwa."

Ufundi wenyewe ni mkongwe. Kwetu Afrika Mashariki uliota mizizi Zanzibar karne ya 19. Wamisionari wa UMCA walifika pale mwaka 1864, naye Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, akasimamisha mtambo wa kuchapa. Waliopanga herufi hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwemo vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Hebu fikiri jambo hilo: mtoto aliyekuwa auzwe sokoni kama kitoweo, akaja kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuipanga lugha yetu herufi kwa herufi. Mwaka 1888 likatokea huko huko gazeti la Msimulizi. Miaka mingi baadaye, Januari 1923, serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam, na kurasa zake zikawa uwanja wa washairi wengi, Shaaban Robert akiwa mmoja wao. Tunawataja washairi, na ni haki yao. Lakini kila ubeti uliosomwa ulipita kwanza kwenye vidole vya fundi ambaye jina lake hatulijui.

Sasa nirudi nyuma ya pazia.

Herufi hupangwa kinyumenyume, kama uso unavyoonekana kwenye kioo. Fundi hushika mkono wa kushoto kibao kidogo cha chuma, na mkono wa kulia huokota herufi moja moja kutoka droo yenye vyumba vingi. Hatazami droo, vidole vinajua njia. Mstari ukijaa hujazwa vipande vya nafasi mpaka ukaze. Mistari ikikamilika hufungwa ndani ya fremu ya chuma, hupakwa wino, hutolewa prufu, prufu husomwa, makosa hurekebishwa, ndipo mtambo uanze kupiga. Kazi ikiisha, kila herufi hurudishwa kwenye chumba chake. Hii ya kurudisha ndiyo kazi ya mwanafunzi, nayo ndiyo iliyotaka kunifukuzisha.

Lakini kwanza nikueleze ugonjwa wa droo zetu. Herufi ziliuzwa kwa seti zilizopangwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Chumba kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha e, kwa sababu Mwingereza haandiki sentensi bila e. Herufi k zilikuwa chache, na z ndio usiseme. Sasa chukua sentensi ya kawaida ya kadi ya harusi pale Mbeya: "Familia ya Bwana na Bibi Mwakalinga inayo furaha kubwa kukukaribisha." Hesabu mwenyewe. Herufi a zipo 15, k zipo 5, na e hakuna hata moja! Tena hapo hujaandika orodha ya kamati, na Mbeya ndiyo nchi ya akina Mwa. Mwakyusa, Mwakasege, Mwakatobe, kila jina linakula w na k kama mchwa. Kamati ya watu 12 ilitosha kulikausha kabati zima.

Mjomba alikuwa na dawa yake. Akiishiwa, alibadilisha maneno. "Kukukaribisha" aliigeuza "kukualika", akaokoa herufi nne. "Furaha kubwa" ikabaki "furaha" tupu. Mwenye kadi akilalamika alimwambia, "Mzee, furaha ni furaha, haina kubwa wala ndogo." Mimi niliyetoka shule nikijua insha nzuri ni insha ndefu, nilishangaa kuona sentensi inapunguzwa na inazidi kupendeza. Alinifundisha kukata maneno mtu ambaye hakuwahi kuandika insha tangu aache darasa la saba.

Duka lile lilikuwa na kazi nyingi kuliko kuuza karatasi. Lilikuwa kijiwe cha heshima. Kwenye benchi la mbele ndipo makatibu wa kamati za harusi walipokaa kubishana kuhusu kiwango: single shilingi ngapi, double ngapi. Wanakwaya walikuja na programu za tamasha, viongozi wa timu na mabango ya mechi, na mara zote ubishi ungerudi kwa Tukuyu Stars, waliotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986 na kuuacha mji na maneno ya kusema kwa miaka kumi. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo kurudishwa mwaka 1992, nasikia mtambo ulilia usiku na mchana. Na msiba ukitokea, Mjomba aliacha kazi zote. Ratiba ya mazishi haisubiri foleni. Nayo aliichapa bure, ila karatasi ulete mwenyewe.

Naam, karatasi. Hapa kuna historia ambayo sisi watu wa Nyanda za Juu tunaipita kila siku bila kuisalimia. Kule Mufindi, mkoani Iringa, serikali ilipanda misonobari mingi katika msitu wa Sao Hill, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikaanza kazi mwaka 1985, kikiwa kimejengwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Benki ya Dunia ilikuwa kati ya waliotoa fedha. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilikuwa tayari inapita ukanda huo huo. Watu waliokumbuka uhaba wa daftari wa mwanzo wa miaka ya 1980 waliona mwisho wa shida umefika: mti wetu, kiwanda chetu, kitabu chetu. Lakini kiwanda kilikuwa kikubwa na madeni yake makubwa. Katikati ya miaka ya 1990 kikasimama. Kiliuzwa mwaka 2004 kwa kampuni ya Rai ya Kenya, kikarudi kazini, na tangu hapo kimejulikana zaidi kwa karatasi nzito za kahawia za mifuko na maboksi. Kwa hiyo mimi nilikuwa naanza ufundi Mbeya wakati kiwanda kilicho jirani yetu kinazimika, na Mjomba anahesabu kila karatasi kama hela.

Ndipo nikaharibu karatasi 150.

Ilikuwa kadi ya mchango. Mistari mingi tuliitunza ilivyo kutoka kadi iliyopita, tukabadilisha majina tu na mstari mmoja: michango ikabidhiwe kwa nani. Mjomba alikuwa amelala na malaria. Akaniambia panga, toa prufu, soma mara tatu, halafu chapa. Nilipanga, nilisoma, nilichapa. Jioni katibu wa kamati akachukua mzigo wake, tukaagana vizuri.

Kesho yake asubuhi alirudi na mzee mmoja aliyevaa koti la suti na kandambili. Mzee hakusema neno. Alinipa kadi. Nikasoma: michango yote ikabidhiwe kwa dada mzazi wa bwana harusi.

Ukitazama herufi ya risasi usoni, b inaonekana kama d, na d kama b. Wiki nzima nilikuwa nikirudisha herufi kwenye vyumba visivyo vyake. Vidole vyangu vilipokwenda chumba cha b, viliokota d mbili, na macho yangu kwenye prufu yakasoma nilichotaka kukiona. Baba wa watu akageuka dada.

"Kijana," mzee akasema taratibu, "mimi ni dada wa nani?"

Sikucheka. Leo nacheka, siku ile sikucheka. Nilisema, "Shikamoo," kwa sababu ndilo neno pekee lililokuja. Akaitikia, "Marahaba," kisha akaketi kwenye benchi kusubiri, na ule utulivu wake ndio ulioniumiza.

Mjomba alitoka nyuma amejifunga blanketi. Aliitazama kadi, akamwamkia mzee, akaomba radhi kwa Kinyakyusa kirefu ambacho sikukipata chote. Hakunitaja. Alisema "tumekosea". Akafungua rimu ya akiba aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya programu za Krismasi, tukachapa upya zote 150, yeye akikanyaga mtambo huku jasho la homa linamtiririka. Hakumtoza mtu senti. Mzee alipoondoka na kadi zake alisema "ndaga", basi. Lakini wiki iliyofuata alirudi kuchapisha risiti za duka lake.

Jioni ile Mjomba aliitoa droo, akaimwaga yote mezani. Herufi zote, chungu nzima. "Panga," akasema. Nilipanga mpaka usiku wa manane, moja moja, nikiinua kila b kwenye taa ya chemli. Alipoona nakaribia kulia aliniambia, "Mtu akikuletea jina lake, amekuletea kitu chake cha ndani. Usiguse huku unawaza mengine."

Mwezi mmoja baadaye aliniruhusu kutumia vipande vya karatasi vilivyobaki. Sisi vijana watano wa mtaa tulichapa mashairi yetu, ukurasa mmoja, nakala 40, tukauza shilingi 50 kila moja. Jina langu lilikuwa chini ya shairi la tatu. Nililipanga mwenyewe, na nililisoma mara kumi.

Mwisho wa duka haukuwa na kelele. Kompyuta na mashine za fotokopi zilikuja, kadi za rangi zikatoka Dar es Salaam, na wateja wakahama mmoja mmoja. Herufi ziliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Leo kadi ya mchango inakuja kwenye simu, na mchango wenyewe unarudi kwa simu hiyo hiyo. Silalamiki, nami natuma hivyo hivyo.

Ila miaka ya karibuni nilipita Iringa, na jamaa yangu akanipeleka Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Kilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mkono, na kati ya malighafi zake ni kinyesi cha tembo. Usicheke, tembo anakula nyasi na magome, na anazirudisha nyuzi nyingi zikiwa bado imara. Zinachemshwa, zinaoshwa, zinapondwa, zinatandazwa kwenye wavu na kuanikwa, na kadi zikatoka humo. Nilinunua moja. Ilikuwa na mikwaruzo, na nyuzi zinaonekana kwa macho. Nikakumbuka chumba kile cha nyuma ya pazia, na kijana mwingine wa mji mwingine ambaye lazima naye aliharibu karatasi nyingi kabla hajaaminiwa.

Msomaji mwenzangu, nyumbani kwenu kuna sanduku. Ndani yake kuna kadi ya harusi ya wazazi wako, ratiba ya mazishi ya babu, programu ya kwaya. Zitoe. Pitisha kidole juu ya maandishi. Kama yamebonyea kidogo kwenye karatasi, ujue herufi za risasi zimepita hapo. Tazama chini kabisa kama mchapaji ameweka jina. Kisha muulize mama nani aliifanya kazi hiyo, na alikuwa akikaa mtaa gani. Andika jibu lake, utuletee. Mafundi wale wanazeeka, na wangu nimemzika mwaka juzi. Ratiba ya mazishi niliisoma mara tatu kabla haijachapwa.