Mbuzi Wetu Wanachanjwa, Mbwa Wetu Wanapigwa Mawe

Leo si video, ni maandishi, na ni marefu. Soma polepole, hata kama ni kwa matatu ya kwenda Kakuma na mtandao unapotea ukitoka Lodwar.

Nianze na aibu yangu. Mbwa wangu anaitwa Kijana. Wengi mmemwona kwa video zangu, ule wa rangi ya mchanga mwenye sikio moja limekatika. Mapema mwaka huu alimuuma mtoto wa jirani hapa Kanamkemer. Mtoto alimkanyaga mkia akiwa amelala kivulini, akageuka akamshika mguu. Si jeraha kubwa, lakini damu ilitoka.

Mama yake alikuja mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Kijana, mbwa wako amechanjwa?"

Nilinyamaza. Mimi mwenye maneno kila siku, mwenye maoni juu ya serikali, mafuta, mpira na mapenzi, sikuwa na jibu. Sikuwa nimewahi hata kufikiria. Nina kadi ya simu, kadi ya benki, kadi ya kliniki ya utotoni ambayo mama ameihifadhi mpaka leo. Mbwa wangu hana kadi.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtoto akapelekwa kuchomwa sindano, na Kijana akafungwa nyumbani kwangu kwa siku 10. Sheria ya siku 10 iko hivi: mbwa akiwa na virusi vya kichaa kwenye mate siku aliyouma, ndani ya siku hizo ataonyesha dalili na kufa. Akibaki mzima, hakuwa anaambukiza siku ile. Lakini mtoto hangojei hizo siku. Sindano zinaanza mara moja, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mtu hufa. Hakuna "nitaona kesho."

Siku hizo 10 nilikuwa nakaa na mbwa na simu. Niliacha chuo, kwa hivyo mimi si daktari wala mwanahistoria, lakini kusoma sikuacha. Nikasoma kila kitu. Na nikagundua kitu kimeniuma kuliko meno ya Kijana: historia ya chanjo inapita hapa kwetu kabisa, na mbwa wetu wameachwa nje.

Tuanzie mbali kidogo. Chanjo ya kichaa haikuanza na watu. Ilianza na mbwa. Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1884 kwamba mbwa anaweza kukingwa. Ndipo Julai 1885 wakamletea mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Alichomwa na akaishi. Dunia nzima inakumbuka mtoto. Mbwa waliotangulia hakuna anayewakumbuka, na sisi tumeendelea na tabia hiyo hiyo.

Wajapani hawakusahau. Watafiti wao wawili, Umeno na Doi, walichapisha mwaka 1921 njia ya kuchanja mbwa wengi kwa sindano moja. Japani ikachanja, ikafuatilia mbwa wake, na tangu 1957 ugonjwa huu haujazunguka tena kati ya wanyama wa nchi ile.

Kenya je? Kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini kilikuwa mbwa, mwaka 1912, pembeni mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza kurekodiwa alikuwa mwanamke wa upande wa Nyanza Kusini, mwaka 1928. Kwa miaka mingi ugonjwa ulibanwa kwenye maeneo machache kwa chanjo na kwa kupunguza mbwa wa kuzurura. Kisha kuanzia miaka ya 1980 ukasambaa tena. Tuna hata sheria yake, Sura ya 365. Ukiisoma utaona inazungumza sana kuhusu kumfunga mbwa na kumwangamiza. Ni sheria ya wakati ambapo mbwa wa mzungu alikuwa na jina, na mbwa wa Mwafrika alikuwa kero.

Sasa njoo Turkana. Hapa ndipo stori inanoga.

Kwanza, mtu asituambie sisi hatuelewi chanjo. Watu wa hapa wanaelewa chanjo kuliko watu wa Nairobi. Mwaka 2006, sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza, na mahali ilipothibitishwa ni hapa Turkana. Wazee wanaiita lomoo. Mbuzi walikufa kwa makundi, na mtu aliyekuwa na zizi akabaki na kamba. Chanjo ikaletwa, na watu walitembea mbali sana na mifugo yao kuifuata. Hakuna mzee aliyehitaji kushawishiwa na tangazo la redio.

Pili, na hii sikujua kabisa: sotoka ya ng'ombe, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, ulitangazwa kumalizika duniani mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kuondolewa duniani kote, baada ya ndui. Chanjo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, karibu na Nairobi. Shida yake moja: ilitaka baridi. Ukiipeleka mahali kama hapa bila friji, inakufa njiani kama aiskrimu.

Ikabidi itengenezwe inayostahimili joto, na wakafundishwa wafugaji wenyewe kuchanja. Si madaktari wa magari makubwa, ni watu wanaotembea na ng'ombe. Miaka ya 1990, chanjo hiyo ilivushwa kuingia Sudan Kusini, na kituo kikubwa cha misaada ya kule kilikuwa Lokichoggio. Hapo juu tu! Ile lami unayopita ukitoka Kakuma kwenda mpakani ni njia iliyosaidia kumaliza ugonjwa duniani. Shuleni hawakuniambia. Wewe walikuambia?

Kwa hivyo tulikuwa na ugonjwa, joto, umbali, na watu wanaohama. Yote yakashindwa. Ng'ombe akachanjwa. Sasa niambie mbwa amekosa nini.

Jibu ninalo na halipendezi. Mbwa hauzwi. Hakuna soko la mbwa Lodwar. Mbuzi akifa, umepoteza karo. Mbwa akifa, unavuta mkia unamtupa laga. Chanjo imefuata pesa siku zote.

Lakini subiri, kwa sababu kuna wakati mmoja mbwa wetu walitazamwa sana, na si kwa kichaa.

Kuna mnyoo mdogo sana, wa milimita chache, unaoishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake yanatoka na kinyesi. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akila nyasi zenye mayai, anaota mifuko ya maji kwenye ini au mapafu. Ukichinja na kumtupia mbwa lile ini bovu, mnyoo unarudi kwa mbwa. Mtu akimeza mayai, kwa mkono au maji machafu, mfuko unaota ndani yake. Unakua polepole, miaka mingi, mpaka tumbo linajaa. Watafiti Nelson na Rausch waliandika kuhusu ugonjwa huu nchini mwaka 1963. Mwaka 1982 French na Nelson wakatoa hesabu ya kaskazini magharibi mwa Turkana: wagonjwa wapya 220 kwa kila watu 100,000 kila mwaka. Ilikuwa idadi ya juu kuliko yoyote iliyojulikana duniani.

Duniani kote. Namba moja. Si riadha, si mpira. Mifuko ya maji tumboni.

Wengine walioandika walitufanya maonyesho. Walipenda sana kusimulia jinsi mbwa wa manyatta anavyolamba mtoto mchanga akijichafua. Ndiyo, ilikuwepo, na ni njia mojawapo ya maambukizi. Lakini mahali ambapo mama anatembea saa nzima kutafuta ndoo moja ya maji, mbwa alikuwa anafanya kazi ambayo maji hayakuwepo kuifanya. Usicheke mila ya mtu kabla hujauliza mfereji uko wapi.

Mwaka 1983 AMREF ilianzisha mpango wa kupambana nao, ukianzia upande wa Lokichoggio. Waliwapasua wagonjwa, wakapima matumbo ya watu kwa mashine ya picha hata vijijini, wakafundisha watu, wakapunguza mbwa wasio na mwenyewe na kuwapa wengine dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli. Miongo iliyofuata ugonjwa ulipungua, ingawa haujaisha. Somo ni hili: mbwa wa Turkana anafikika. Mtu alimfikia, akamshika, akampa dawa, akarudi tena. Waliofanya hivyo walitumia magari ya miaka ya 80 na barabara za miaka ya 80.

Na hapa msichanganye mambo. Dawa ya minyoo haizuii kichaa, na chanjo ya kichaa haiui minyoo. Kwa hiyo minyoo ya mifuko hatuna sindano ya kawaida ya mbwa. Iliyopo, EG95, ni ya kondoo na mbuzi. Mbwa wa hapa anahitaji vyote viwili: sindano ya kichaa, na dawa ya minyoo mara kwa mara. Pia usimtupie ini bichi lenye mifuko. Lichome au lizike.

Kisha kuna magonjwa yanayoua mbwa wenyewe. Parvo ilijitokeza mwaka 1978, ikazunguka dunia ndani ya muda mfupi. Ni jamaa wa kirusi cha paka. Ukiona kitoto cha mbwa kinatapika na kuhara damu, wewe unasema "amerogwa" au "ameuawa na joto", inaweza kuwa hiyo, na chanjo yake ipo. Homa ya mbwa iitwayo distempa nayo, mwaka 1994, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Simba! Mfalme wa porini kauawa na ugonjwa unaobebwa na mbwa wa kijijini ambao hawakuchanjwa. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wakaanza kuchanjwa kwa wingi. Unaona mchezo? Mbwa akichanjwa ni kwa sababu ya simba, au ya mtalii. Kwa sababu ya mtoto wa Kanamkemer, bado.

Na paka msiwasahau. Kakuma pale, kila duka la unga lina paka wa kukamata panya, na wakimbizi kutoka Kongo, Somalia, Sudan Kusini na Burundi wanaishi nao kama sisi. Paka naye anapata kichaa na anauma. Kambi ilianza mwaka 1992. Watu wamezaliwa pale, wamekua pale, wameoa pale. Mbwa na paka wao ni wa hapa kama wangu. Kirusi hakiulizi kitambulisho wala mpaka wa kambi.

"Lakini bro, huku ni joto, chanjo itaharibika." Nimesikia hii mara mingi. Chanjo moja ya kichaa ya mbwa ilijaribiwa na watafiti Tanzania, ikakaa miezi 6 kwenye nyuzi 25 na miezi 3 kwenye nyuzi 30, na bado ikafanya kazi. Najua Lodwar inapita 35 mchana. Sisemi uiweke kwa dashibodi ya probox. Nasema kisanduku cha barafu kwa boda kinatosha kwa safari ya siku moja, na kijana mwenye boda tunaye kila kona.

"Lakini mbwa ni wengi, huwezi kuwamaliza wote." Hakuna aliyesema wote. Ukifikia 70 kwa kila 100, kirusi kinakosa pa kwenda, hata baada ya watoto wa mbwa wapya kuzaliwa. Pemba walifanya. Mwaka 2014 kisiwa kilikuwa kimeondoa kichaa kwa kuchanja mbwa. Wakalegea, kikarudi 2016. Wakachanja tena, kikaisha 2018. Waswahili wenzetu, si Wajapani. Na somo la pili la Pemba ni kwamba kazi hii haifanywi mara moja ukaenda kulala.

Kenya yenyewe ilijiandikia mpango wa kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa kufikia 2030. Ulianza 2014. Hesabu miaka iliyobaki kwa vidole, utabaki na vidole.

Kwa hivyo ombi langu kwa kaunti ni dogo: siku ile gari la chanjo ya mbuzi linaenda Kalokol, Lokori, Kakuma au Oropoi, wekeni na kisanduku cha mbwa. Mchungaji anakuja na mbwa wake hata hivyo. Safari ni moja, mafuta ni yale yale.

Na kwenu mbogi yangu: acheni mawe. Kumpiga mbwa mawe mpaka afe hakujawahi kumaliza kichaa popote. Mwenye mbwa au paka, nenda ofisi ya mifugo uulize siku ya chanjo. Ukiambiwa hakuna, uliza tena wiki ijayo, ukiwa na wenzako watano.

Siku ya 10 Kijana alikuwa mzima, ananiangalia kama mimi ndiye mgonjwa. Mtoto alimaliza sindano zake zote. Nilienda kwa mama yake kuomba msamaha, akanipa chai, akasema, "Sawa, lakini sikusikia jibu."

Sasa ninalo. Kijana amechanjwa. Kadi yake iko kwa mlango, ndani ya plastiki, na mwaka ujao inajazwa tena. Wako je?