Kadi za kuoanisha herufi

Kadi za kuoanisha herufi ni zana ya kufundishia watoto alfabeti kwa mchezo. Hukatwa kwa manila au maboksi, mbilimbili: herufi kubwa na ndogo yake, au herufi na picha ya kitu kinachoanza na sauti hiyo, kama b na bata. Kadi hufunikwa mkekani. Mtoto hufunua mbili huku akitamka. Zikilingana huzichukua, zisipolingana huzifunika palepale, naye mwenzake hucheza.

Seti ya Kiingereza haifai kunakiliwa kwa Kiswahili. Herufi q na x hazitumiki, na c huandikwa pamoja na h tu. Ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh na th kila moja ni sauti moja, hivyo zinastahili kadi zao. Ng' ya ng'ombe isichanganywe na ng ya ngoma. Baada ya irabu tano huja kadi za silabi, na hapo ndipo mchezo unapozaa kusoma hasa: ba na ta zikikutana, mtoto amesoma neno zima. Herufi b na d, zinazofanana kwa umbo, ni bora zisiingizwe siku moja.