Mawazo ya Daktari Kijana: Kutoka Jangwa la Misri hadi Wodini

Jumapili jioni, tarehe 20 Aprili 1913, Sir William Osler alisimama mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 63, profesa wa tiba huko Oxford, na kitabu chake cha mwaka 1892 kilikuwa mikononi mwa karibu kila mwanafunzi wa udaktari aliyesoma Kiingereza. Jioni ile hakufundisha ugonjwa wowote. Alifundisha jinsi ya kuishi siku moja. Alitumia mfano wa meli kubwa za Atlantiki, mwaka mmoja tu baada ya Titanic kuzama: nahodha hufunga milango ya chuma ili maji yakiingia chumba kimoja yasifike kingine. Vivyo hivyo kijana afunge mlango wa jana na mlango wa kesho, akae ndani ya leo. Tena aianze siku pamoja na Kristo na ile sala aliyotufundisha.

Msomaji wa Mathayo 6 hatashangaa. Baba yake Osler alikuwa kasisi wa Kianglikana huko Kanada, na yeye mwenyewe aliingia Trinity College, Toronto, mwaka 1867 akikusudia kuwa kasisi. Mwaka uliofuata akahamia udaktari. Sisi wa vyuo vya theolojia tuna haki ya kumhesabu kama mwanafunzi wetu aliyetoroka.

Lakini kilichomfanya azungumze hivyo kilikuwa hofu aliyoijua mwenyewe. Mwaka 1871, akiwa mwanafunzi wa udaktari Montreal, alisongwa na wasiwasi wa mtihani wa mwisho na wa maisha baada yake. Kijana anayefanya mafunzo katika hospitali zetu leo, yule tunayemwita daktari tarajali, angemwelewa bila mkalimani.

Hata hivyo, Osler alikuwa ameacha fundisho jingine, na hilo ndilo lililoota mizizi zaidi. Mwaka 1889, akiwaaga wahitimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliwahimiza wawe na utulivu usiotikisika, hata uso usibadilike mbele ya hatari. Kwa mgonjwa hilo ni jema. Nani anataka kutibiwa na mtu anayetetemeka? Ila uso uliofunzwa kumficha mgonjwa hofu hujifunza pia kumficha mwenzako, na mwisho kujificha wewe mwenyewe.

Ushahidi ulikuwa karibu sana na Osler. Mwenzake katika hospitali ya Johns Hopkins, William Halsted, ndiye aliyejenga mfumo wa kuwafundisha madaktari wa upasuaji kwa kuwaweka hospitalini usiku na mchana kwa miaka. Halsted alikuwa amenaswa na kokeini tangu alipoijaribu mwilini mwake kama dawa ya ganzi, na baadaye akategemea mofini. Osler alijua habari za mofini. Aliziandika katika kumbukumbu za siri zilizofunguliwa mwaka 1969, wote wawili wakiwa wamekufa zamani. Mfumo unaowachosha vijana wengi ulijengwa na mtu aliyekuwa akiteseka kimya, na waliomzunguka wakanyamaza pamoja naye.

Katika chuo kilekile cha Pennsylvania, miaka ya 1960, daktari wa akili Aaron Beck aliwasikiliza wagonjwa wake wa sonona akagundua jambo lililoonekana dogo. Kabla ya huzuni kuja, palipita wazo, fupi na la haraka, lililojitokeza lenyewe, na mgonjwa aliliamini bila kulihoji. Beck akawafundisha kulikamata wazo hilo, kuliandika, na kulitaka lilete ushahidi.

Chukua mfano wa wodi ya watoto. Mtoto ameletwa saa tisa usiku na malaria kali, degedege limeshaanza, na alfajiri anafariki. Daktari tarajali anarudi bwenini na sentensi moja kichwani: nimemuua. Kumwambia "usiwaze hivyo" hakusaidii chochote. Aulizwe mtoto alifika katika hali gani, dawa ilitolewa lini, yeye alijua nini saa ile, na kama mwenzake ndiye angekuwa zamu, angemhukumu hivyo? Mara nyingi sentensi ile hupungua hadi kuwa kweli inayobebeka: mtoto alikufa, nilikuwapo, nina huzuni.

Mara nyingine haipungui, kwa kuwa kweli kuna jambo halikufanyika sawasawa. Hapo ndipo naona theolojia yetu ina neno ambalo Beck hakuwa na wajibu wa kulisema. Kosa la kweli lina njia yake: linatajwa, linasahihishwa, linaungamwa, linasamehewa. Shtaka la uongo halitubiwi. Linajibiwa. Mchungaji anayemwongoza kijana kutubu dhambi asiyoitenda anamwongezea mshtaki nguvu, na anayemwambia mwenye kosa halisi kwamba ni hisia tu anamnyima ondoleo.

Kanisa lilijua habari za kujibu mawazo muda mrefu kabla ya Pennsylvania. Evagrius wa Ponto, shemasi aliyeuacha mji wa Konstantinopoli akaishi jangwani Misri hadi alipofariki mwaka 399, aliorodhesha mawazo manane yanayomsumbua mtawa. Aliona kwamba mawazo kuja hakuko mikononi mwetu. Kukaa kwake ndiko kunakotuhusu. Akakusanya karibu mawazo 500, kila moja na andiko la kulijibu. Tusiharakishe kusema ni kitu kimoja na tiba ya Beck, maana Evagrius aliona mapepo pale Beck alipoona mazoea ya akili. Lakini wote wawili walikataa kulichukua kila wazo kuwa sauti ya kweli.

Kuna wazo moja, hata hivyo, lisilopaswa kupingwa: "nimechoka." Hilo huwa kweli. Mwaka 1984 huko New York kifo cha msichana Libby Zion, aliyehudumiwa na madaktari waliokuwa mafunzoni kwa zamu ndefu, kiliamsha mjadala mkubwa, na mwaka 2003 Marekani iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari wa namna hiyo. Saa 80 bado ni nyingi. Kumfundisha kijana kutuliza mawazo huku zamu yake haina mwisho ni kumpaka mafuta aliyevunjika mguu.

Luther aliliona hilo kwa namna yake. Julai 1530, akiwa ngomeni Coburg, alimwandikia Jerome Weller, kijana aliyekuwa akiwafundisha watoto wake Wittenberg na kuteswa na huzuni nzito. Barua ile imewakwaza wengi, kwa sababu Luther hamwagizi kufunga. Anamtaka aukimbie upweke, akae na watu, ale, anywe, afanye mzaha, na shetani akimtupia dhambi zake usoni, akubali kwamba anastahili hukumu kisha amtaje Kristo aliyelipa. Luther anamsimulia pia kwamba yeye mwenyewe alipitia hali hiyo akiwa mtawa, na kwamba Staupitz, mkubwa wake, ndiye aliyemsaidia. Kwa hiyo neno lile lilikuwa limeshapita kwa watu wawili kabla ya kumfikia Weller. Katika historia yote hii, ni barua hii ningetaka isomwe kwanza katika mabweni ya hospitali zetu, kabla hata ya hotuba ya Osler, kwa kuwa Osler anamfungia kijana milango ya meli akiwa peke yake ndani, na Luther anamtoa nje kwenye meza yenye watu.

Weller alipata udaktari wa theolojia mwaka 1535, akahamia Freiberg katika Saxony, akafundisha huko hadi kifo chake mwaka 1572. Huzuni iliendelea kumtembelea. Naye aliendelea kufundisha.