Kile ambacho etha haikukithibitisha

Katika miaka ya 1870 mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard aliufunika mmea wa kifauongo kwa chombo cha kioo, pamoja na sponji iliyoloweshwa etha, dawa ya nusukaputi waliyoitumia madaktari wa wakati ule kabla ya kupasua wagonjwa. Majani yake, ambayo kwa kawaida hujikunja yakiguswa tu, yakaacha kujikunja. Etha ilipotoweka, yakarudia desturi yake. Jaribio hilo lilifufuliwa mwaka 2018 na watafiti akiwemo František Baluška wa Chuo Kikuu cha Bonn. Mmea unaonasa wadudu ulipovutishwa etha, ishara za umeme katika jani lake zilizimika na mtego haukufunga. Wapo waliosoma humo dalili ya fahamu: ikiwa dawa inayompotezea binadamu fahamu inaunyamazisha na mmea, basi huenda mmea nao una fahamu ya kupoteza.

Hoja hii inavutia, lakini jibu lake limo katika majaribio ya Bernard mwenyewe, kwani hakuishia kwenye kifauongo. Alitia etha kwenye mbegu, zikasita kuota. Akaitia kwenye hamira, ikaacha kuchachusha sukari. Anayeifanya etha shahidi wa fahamu hana budi kuikubali na fahamu ya hamira, na sijaona mtetezi aliyetoa sababu ya kutosha ya kufika huko. Bernard alihitimisha kwamba etha hugusa uwezo wa kila chembe hai kuitikia mazingira yake, uwezo ambao mimea na wanyama wanao kwa pamoja. Kwake, uwezo huo haukuhitaji fahamu.

Watetezi wa fahamu ya mmea, kama mtafiti Stefano Mancuso wa Florence, hutukumbusha kwamba mmea hupumua bila mapafu. Kwa nini basi usijitambue bila ubongo? Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo, kupumua kwa jani kunapimika kwa hewa inayoingia na kutoka, ilhali fahamu ya mmea haijapata kipimo ambacho kingeweza kuikanusha. Hata dai la mwaka 2016 la mtafiti Monica Gagliano, kwamba miche ya njegere hujifunza kuhusisha upepo na mwanga, halikuthibitika liliporudiwa kwa sampuli kubwa zaidi mwaka 2020.

Kilichothibitika ni kikubwa vya kutosha. Kiwavi akitafuna jani, wimbi la kalsiamu husambaa mmeani, na ndani ya dakika chache majani ya mbali huanza kuandaa kinga. Ugunduzi huo, uliochapishwa pia mwaka 2018, unamfaa mkulima anayepambana na viwavi, hata kama swali la fahamu halitajibiwa kamwe.