Manjano ya Chungu na Manjano ya Kichupa

Katika vibanda vya viungo vilivyolizunguka soko la Kariakoo, upande wa mitaa ya Mkunguni na Tandamti, manjano huuzwa kwa sura mbili ambazo mnunuzi aghalabu huzihesabu kuwa kitu kimoja: unga wa mchuzi, unaopimwa kwa kijiko na kufungwa katika kipande cha karatasi, na unga au vidonge vilivyotiwa katika kichupa, ambavyo muuzaji, akiulizwa faida yake, hujibu pasi na kusita, "Hii inasafisha ini, mzee wangu, inayeyusha mafuta yote." Hoja yangu ni kwamba vitu hivi ni viwili, na kwamba kosa la kuvichanganya, ambalo muuzaji na msomi hushirikiana kulitenda, huzaa matumaini ya bure na, mara chache, madhara.

Ugonjwa wenyewe si wa miujiza. Ini hugeuza sukari iliyozidi haja ya mwili kuwa mafuta, na mafuta hayo yakijaa katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake, tabibu husema kwamba ini lina mafuta. Kisha, kwa baadhi ya watu na baada ya miaka mingi, hufuata uvimbe, makovu, na hatimaye ini kusinyaa na kukakamaa. Mfanyabiashara aketiye dukani Mtaa wa Kongo tangu asubuhi, chakula chake chipsi mayai na soda, ambaye hajaonja ulevi maishani mwake, hushtuka na kuona haya aambiwapo habari hii, kana kwamba ametuhumiwa. Hata wataalamu waliona taksiri ya jina la zamani, lililoutaja ugonjwa kwa kukosekana kwa pombe, wakalibadilisha mwaka 2023 ili liashirie hitilafu ya mwili katika kutumia sukari na mafuta.

Ama manjano, kiini chake, yaani kurkumini, kilitengwa na Vogel na Pelletier mwaka 1815, nacho ni kama gramu 3 tu katika kila gramu 100 za unga. Kijiko cha chai, basi, kina takriban sehemu moja ya kumi ya gramu, na mwenye kutaka gramu nzima kutoka chunguni ingempasa ale vijiko kumi na kimoja kwa siku, mchuzi ambao sidhani kama yuko mpishi wa Tanga wala wa Unguja angekubali kuupakua. Isitoshe, utumbo hukipokea kiini hicho kwa shida sana. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, walionyesha kwamba piperini, ukali ulio ndani ya pilipili manga, huongeza upokeaji huo kwa binadamu mara 20, na tangu hapo watengenezaji wengi wamekuwa wakiviunganisha viwili hivyo katika kidonge kimoja. Majaribio kadhaa, mengi yao ya Iran na ya wiki 8 hivi, yaliona vimeng'enya vya ini vikishuka katika damu. Sikatai, walakini kushuka kwa vimeng'enya si ithibati ya kuondoka kwa makovu, na wiki 8 ni muda mfupi mno mbele ya ugonjwa uliojijenga kwa miaka ishirini.

Jambo lisemwalo kwa nadra ni kwamba nguvu ile ile inayotafutwa katika kichupa yaweza kumgeukia mwenye kuitafuta. Mwaka 2022 mtandao wa madaktari wa Marekani unaochunguza maini yaliyodhuriwa na dawa ulitoa habari za wagonjwa 10 walioumizwa na bidhaa za manjano: watano walilazwa hospitalini, mmoja akafariki, na saba walikuwa na alama moja ya kurithi katika kinga ya mwili. Bidhaa saba zilipopimwa, tatu zilikutwa na piperini. Idadi ni ndogo, wala haimhusu mpishi. Yamhusu anywaye kichupa kila siku akidhani kwamba anakula kiungo.

Ajabu ni kwamba mmea wenye ushahidi mzuri zaidi hupita mbele ya vibanda hivyo hivyo, ndani ya dele, na hakuna ausifuye kwa ajili ya ini. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia watu 494,585, uliwakuta wanywaji wa kahawa wakiwa na hatari ya magonjwa sugu ya ini iliyo pungufu kwa asilimia 21. Huo ni uhusiano, haujawa sababu. Na kahawa ninayoisema ni ile chungu, kwani kashata inayoandamana nayo hulirudishia ini sukari ile ile.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yanaidharau tiba asili. La hasha: metformini, inayomezwa na maelfu ya wagonjwa wa kisukari hapa mjini, asili yake ni elimu iliyotokana na mmea wa galega wa Ulaya, nayo ikawa dawa pale kipimo chake kilipojulikana. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002. Wenye elimu tunao, na sheria tunayo. Basi na kiandikwe juu ya kila kichupa kina gramu ngapi za kurkumini na kama kimetiwa pilipili manga, na mnunuzi, siku aendapo kupimwa ini, akichukue kichupa hicho mkononi amwonyeshe tabibu wake.